Sura ya Tano: Karatasi ya Polterabend

Lori refu la mizigo lilikuwa linatoka uani mwa ofisi ya kamusi wakati gari la polisi linaingia, na Sajenti Holger Mohaupt akalipungia mkono kulishukuru kwa kumwachia nafasi ya kuegesha. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, Alhamisi, Oktoba 1996, mjini Halle. Inspekta Gesine Rathke hakungoja injini izimwe.

Dakika tano baadaye alikuwa amepiga magoti ghorofa ya pili, shavu lake karibu ligusane na meza ya Mareike Dornbusch, akitafuta vumbi.

"Meza hii imefutwa," alisema. "Zile nyingine tatu hazijaguswa tangu Pasaka. Sajenti, andika."

Mohaupt aliandika. "Meza moja safi. Mkuu wa kituo akisikia tumeacha wizi wa magari mawili tukaja kupima vumbi, atafurahi."

"Mkuu ndiye aliyetutuma."

"Ndiyo maana nasema atafurahi."

Mareike alisimama kando ya dirisha, hajavua koti. Mkononi mwa koti hilo kulikuwa na uji wa mtoto uliokaukia. Alikuwa na miaka thelathini na moja, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na mpaka saa sita mchana wa siku hiyo kujisafisha jina. Saa sita kurasa za herufi P zilikuwa zinakwenda kwa mpiga chapa. Saa sita hiyohiyo Profesa Egbert Lindequist, mkuu wa kamusi, angetia saini barua ya kumfukuza kazi kwa kughushi ushahidi. Mtu akifukuzwa kwa kosa hilo, hakuna ofisi ya kamusi katika nchi nzima itakayompa hata kazi ya kuchonga penseli.

"Tuanze upya, Bi Mareike," alisema Gesine. "Jumanne jioni."

"Karatasi niliitoa droo ya P, nikaacha kadi nyekundu mahali pake. Ndivyo tunavyofanya wote, ukitoa karatasi unaacha kadi yenye jina lako. Nikaiweka hapa mezani niinakili kesho yake. Saa kumi na moja kasorobo nikakimbia kumchukua binti yangu chekechea. Jumatano asubuhi haipo."

"Uliiweka mezani wapi?"

Mareike alishusha sauti. "Chini ya kikombe. Upepo wa dirishani ungeipeperusha. Tafadhali msimwambie Profesa."

"Kikombe kilikuwa na kahawa?"

"Kidogo."

Gesine alivuta droo ya P. Karatasi ndogo za ukubwa wa kiganja zilikuwa zimebanana ndani yake, maelfu kwa maelfu, na ukuta mzima ulikuwa wa droo za namna hiyo. Walimu na wachungaji wa vijijini walikuwa wamezituma kwa miaka mingi, kila karatasi neno moja, nani alilisema, wapi, lini. Katikati ilichomoza kadi nyekundu: *M. Dornbusch*. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

"Karatasi ilisemaje?"

Mareike hakuhitaji kufikiri. "Mchungaji mmoja aliinakili mwaka 1938 kutoka kitabu cha zamani cha kanisa lake. Siku ya kuamkia harusi, majirani walikwenda kuvunja vyungu mlangoni kwa bibi harusi. Bwana harusi akaenda zake kulala, vigae hakufagia. Basi akasimamishwa mlangoni pa kanisa Jumapili tatu mfululizo, ameshika ufagio. Na siku yenyewe imetajwa kwa jina. Polterabend. Hatujawahi kupata ushahidi wa zamani kiasi hicho kwenye droo zetu."

"Jumapili tatu," alisema Mohaupt. "Kwenye Polterabend yangu shemeji alileta sinki la choo, akalipasua mlangoni. Nafagia, na yeye anasimama pale ananionyesha nilipobakisha."

"Na kitabu chenyewe cha kanisa?" Gesine aliuliza.

"Kiliungua pamoja na kanisa, 1945. Kimebaki hiki kipande tu."

"Kwa nini kimkere Profesa?"

"Kwa sababu hakina mapepo." Sasa Mareike alisogea mezani na uso wake ukachangamka. "Profesa ameandika kitabu kizima kwamba vyungu huvunjwa kufukuza mapepo, na neno lilizaliwa hapo. Mimi nasema ligawanye mara mbili ulione. *Poltern* ni kufanya kishindo, vyombo kuanguka, watu kupiga milango. *Abend* leo ni jioni, lakini zamani ilikuwa pia mkesha, siku inayotangulia siku kubwa. Mkesha wa vishindo. Majirani wanakuja na vyungu vyao, wanacheka, na bwana harusi anafagia. Pepo yuko wapi hapo?"

"Kwa hiyo anayenufaika karatasi ikipotea ni yeye."

"Sijasema hivyo."

"Nimesema mimi," alijibu Gesine.

Profesa Lindequist aliwapokea akiwa amesimama. Alikuwa mrefu, mwenye nywele nyeupe, na saa yake ya mkononi aliivua akailaza mezani mbele yao, kando ya malalamiko ya kurasa mbili aliyoyaandikia polisi na kuyatia saini.

"Kuna mambo mawili yanayowezekana, Inspekta. Ama ameiiba ili nisiikague, ama haikuwahi kuwepo. Mimi naamini la pili. Kadi nyekundu mtu anaweza kuichomeka popote."

"Jumanne ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi. Nina mashahidi katika maktaba ya chuo, wanne, mmoja wao anikopeshaye vitabu kwa chuki."

Mohaupt alitoka kupiga simu, akarudi akitikisa kichwa. Mashahidi wote wanne walikubali, na yule wa chuki kwa chuki. Profesa alikuwa maktaba mpaka saa mbili usiku. Njia hiyo ilifungwa.

"Nani mwingine alikuwemo humu Jumanne?" Gesine aliuliza.

"Sisi wanne wa ofisi. Hakuna mgeni."

"Anayefanya usafi?"

"Jumatatu tu."

Gesine alikwenda kwenye jiko la ofisi, chumba kidogo chenye jiko la umeme na sinki. Vikombe vitatu vilikuwa ndani ya sinki, vichafu. Cha nne, chenye picha ya bata, kilining'inia kwenye msumari, kimeng'aa.

"Hiki cha nani?"

"Changu," alisema Mareike kutoka mlangoni, akashangaa. "Lakini mimi sikitundiki. Sikujua hata kama ule msumari ni wa kikombe."

"Mwizi anayeosha vyombo," alisema Mohaupt. "Mpeni anwani yangu."

Juu ya friji kulikuwa na sinia iliyofunikwa kitambaa. Gesine alikifunua. Keki ya plamu, ya sinia, imebaki robo, na kingo zake zimeanza kukauka. Ya siku mbili.

"Profesa, keki hii ameoka nani?"

"Hiyo? Bibi Noack. Huleta kila Jumanne."

"Umesema hakuna mgeni."

"Bibi Noack si mgeni." Lindequist alionekana kuudhika kweli. "Alipanga droo hizi tangu 1949. Amestaafu karibu miaka ishirini. Anakuja, anaweka keki, anazungukazunguka. Hakuna anayemhesabu."

"Mimi namhesabu," alisema Gesine, na alikuwa tayari kwenye ngazi.

Bibi Traute Noack aliishi mtaa wa pili, ghorofa ya chini, na alifungua mlango kabla kengele haijamaliza kulia. Alikuwa na miaka sabini na tisa na aproni yenye pini kumi za nywele zilizochomekwa kifuani.

"Polisi? Mmekula?"

"Baadaye, Bibi. Jumanne jioni uliingia chumba cha Bi Mareike?"

"Huyu hapa?" Bibi alimtazama Mareike, kisha lile koti. "Huyo mtoto wako hapendi uji, mwanangu. Mtie asali. Ndiyo, niliingia. Nikakuta karatasi chini ya kikombe. Kikombe chenye kahawa. Miaka ishirini na minane nimefanya kazi pale, sijawahi kuona dhambi ya namna ile."

Mareike alifumba macho.

"Ukaifanyaje hiyo karatasi?" Gesine aliuliza, na kalamu ya Mohaupt ikasimama.

"Nikaipangusa. Nikaosha kikombe, nikafuta meza. Karatasi nikairudisha kwao."

"Droo ya P?"

"P?" Bibi Noack alimtazama kama mtu aliyeambiwa tango huchemshwa kwa sukari. "Polterabend nikaliweke P? Mzee wetu wa kwanza alitufundisha hivi: neno la kuunganishwa lina mwenye nyumba, na mwenye nyumba hukaa mwisho. Kinachotangulia ni nguo tu, kinakwambia ni yupi. Polterabend ni *abend*. *Abend* ya namna gani? Ya vishindo. Basi linakaa A, kwa Abend, pamoja na ndugu zake."

"Utaratibu ulibadilishwa 1968, Bibi," Mareike alisema kwa sauti ndogo. "Tunafuata herufi ya kwanza."

"Waliubadilisha mkutanoni. Mikono yangu haikuwa mkutanoni."

Gesine alikwisha fahamu kilichotokea, na kilimfanya atake kucheka. Kwa siku mbili watu wazima walitafuta mwizi, na hakukuwa na mwizi. "Vizuri sana. Droo za A ziko wapi?"

Aliyemjibu ni Mareike, na rangi ilikuwa imemtoka usoni. "A mpaka K zilishachapwa zamani. Zilifungashwa jana. Zinapelekwa kuhifadhiwa kwenye mgodi wa chumvi wa zamani, upande wa Bernburg. Zikifika zinapigwa lakiri, zinashushwa mita mia nne chini. Kufungua kasha moja ni maombi wizarani. Miezi sita."

"Zinaondoka lini?"

"Leo asubuhi."

Mohaupt alifunga daftari taratibu. "Lile lori," alisema. "Nililipungia mkono."

Saa tatu kamili gari la polisi lilikuwa barabara ya kaskazini, taa ya buluu inazunguka. Gesine alishika redio. Bibi Noack alikaa nyuma kwa sababu alikataa kuachwa: droo za Abend peke yake zilikuwa saba, na hakuna mwingine aliyejua ameiweka ipi. Mareike alikaa pembeni yake akiwa amemshika mkono, au Bibi ndiye aliyemshika yeye.

"Doria ya Bernburg iko kwenye ajali," alisema Gesine, akatundika redio. "Hakuna wa kuwasimamisha. Wametutangulia nusu saa."

"Hawajatutangulia," alisema Mohaupt.

"Kwa vipi?"

"Ni saa tatu. Saa tatu mbeba mizigo wa hapa kwetu yuko kwenye kifungua kinywa chake cha pili, na anakaa nacho nusu saa. Dunia ikitangazwa kuisha saa tatu na robo, atamalizia mkate kwanza. Baba yangu alihamisha piano miaka thelathini. Swali ni wanakula wapi."

"Penye mkate mzuri."

"Hapana, Inspekta. Penye nafasi ya kugeuza lori refu kama lile. Kati ya hapa na Bernburg najua mahali pamoja tu. Könnern, kibanda cha muuza nyama."

Gesine alitazama saa. "Ukikosea?"

"Nikikosea nitanunua mkate wangu tu, nitulie."

Hakukosea. Saa tatu na dakika ishirini na nne lori lilikuwa pale, limeegeshwa chini ya miti ya mipopla, na vijana watatu wameegemea meza ndefu ya kusimamia, kila mmoja na mkate wa duara uliopakwa nyama mbichi ya kusaga na vitunguu juu. Dereva alikuwa na jina lililoshonwa kifuani: Silvio.

Gesine alionyesha kitambulisho. "Nahitaji kasha moja humo ndani. Sasa hivi."

Silvio alitafuna, akameza, akanywa kahawa. "Tuko mapumziko. Mpaka saa tatu na nusu."

"Ni polisi."

"Naona. Na ninyi mkiwa mapumziko nikiwaletea mwizi, mtampokea?"

"Inategemea ameiba nini," alisema Mohaupt, ambaye tayari alikuwa kwenye foleni ya mkate.

Bibi Noack aliwapita wote wawili. Alisimama mbele ya Silvio, kichwa chake usawa wa jina lile lililoshonwa. "Kijana, hiyo nyama itapoa?"

"Ni mbichi, Bibi."

"Basi haiwezi kupoa. Fungua mlango."

Wenzake Silvio walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kitunguu. Silvio aliuweka mkate chini kwa heshima, kama mtu anayemlaza mtoto, akaenda kufungua.

Kasha lenye alama A lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Walimpandisha Bibi kwa kiti cha muuza nyama. Alipitisha kidole juu ya droo bila kusoma vibao, akasimama kwenye ya tano, akaivuta. Ndani, karatasi za Abend zilijaa nusu ya mbele. Nusu ya nyuma ilikuwa tupu, isipokuwa kadi ngumu za kugawanya, moja baada ya nyingine, kama milango ya vyumba vilivyohamwa.

"Walipobadilisha utaratibu walichukua karatasi," alisema Bibi. "Kadi hawakuziondoa. Nani ana muda wa kuondoa kadi."

Mareike aliinama na kusoma kwa sauti. "Feierabend. Heiligabend. Polterabend. Sonnabend." Akasoma tena, na safari hii sauti yake ilipanda. "Inspekta, tazama walivyokaa. Heiligabend ni mkesha wa Krismasi. Sonnabend ni siku ya kuamkia Jumapili. Feierabend, leo tunasema kazi imekwisha turudi nyumbani, lakini mwanzoni lilikuwa mkesha wa sikukuu. Wote ni mkesha. Wote wanatangulia siku iliyo kubwa kuliko wao. Kwa kuwa walitawanywa kwenye droo mbalimbali, nimekuwa nikimsoma kila mmoja peke yake, na walikuwa familia moja."

"Mzee wetu wa kwanza hakuwa mjinga," alisema Bibi Noack.

Nyuma ya kadi ya tatu kulikuwa na karatasi moja tu. Gesine alivaa glavu, akaitoa. Wino wa zamani, mwandiko wa mchungaji, 1938. Kwenye pembe, duara la kahawa.

Mareike alikaa juu ya kasha la herufi B.

Gesine aliigeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na alama ya vema ya penseli ya kijani, na tarehe: 12.3.1962.

"Hii ni nini, Bibi?"

"Alama ya msomaji. Zamani kila aliyesoma karatasi aliweka vema kwa rangi yake, ili wawili wasisome kitu kimoja. Mimi sikuwa msomaji, sikuwa na rangi."

"Kijani alikuwa nani?"

Bibi Noack alitazama mipopla kwanza. "Orodha imebandikwa ndani, ubavuni mwa droo. Isome mwenyewe, mwanangu. Nisiwe mimi."

Gesine aliinamisha droo kwenye mwanga. Rangi sita, saini sita. Kando ya neno kijani ilikuwa saini aliyoiona asubuhi hiyohiyo chini ya kurasa mbili za malalamiko.

"Sajenti," alisema, "droo nzima tunaichukua. Mwandikie Silvio hati ya kupokea."

"Andika na dakika nne za mapumziko," alisema Silvio. "Zile mlizonilia."

Saa tano na dakika kumi na mbili Gesine aliiweka karatasi, ndani ya bahasha ya plastiki, mbele ya Profesa Lindequist. Kwanza upande wa mbele.

Profesa aliisoma mara mbili. "Imepatikana wapi?"

"Ndani ya droo ya Abend. Hakuna aliyeiiba." Kisha akaigeuza. "Kwenye malalamiko umeandika kwamba karatasi ya namna hii haijawahi kuonekana katika ofisi hii. Ni sentensi yako, umeitia saini. Hii vema ya kijani ni ya nani?"

Mohaupt aliweka droo juu ya meza, ubavu wenye orodha ukimtazama Profesa.

Lindequist aliigusa ile droo kwa ncha za vidole. Alikaa. Ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wamwone amekaa.

"Nilikuwa na miaka thelathini," alisema. "Kitabu changu kilikuwa tayari kwa mpiga chapa. Nilisema nitaitaja katika toleo la pili. Toleo la pili lilipofika, kila mtu alikuwa ananinukuu."

"Na Bi Mareike alipoipata?"

"Nilidhani ameipoteza. Kisha nikafikiri, ikiwa imepotea, basi…" Aliisogeza bahasha ya plastiki kando. "Ningeweza kuichoma wakati wowote, Inspekta. Miaka thelathini na minne. Sikuichoma."

"Hilo nitaliandika pia," alisema Gesine. "Na nitaandika kwamba ulimshitaki mtu kwa kughushi kitu ulichokisoma mwenyewe. Lina jina katika sheria."

Mareike alikuwa bado mlangoni, na koti lake. Profesa alimgeukia. "Unataka nini, Bi Dornbusch? Niombe radhi mbele ya wote? Nitaomba."

"Nataka ukurasa wa Polterabend, wa mia mbili na kumi na nne," alisema Mareike. "Haujaenda bado."

Hakuna aliyemzuia. Alivua koti hatimaye, akalitupa kitini, akakaa mbele ya taipureta. Gesine alisikia herufi zikigonga upande wa pili wa ukuta wakati yeye na Mohaupt wanaandika maelezo ya Profesa. Ziligonga haraka, zikanyamaza, zikagonga tena. Mara moja Mareike alicheka peke yake, na Mohaupt akanong'ona, "Amefika kwenye ufagio."

Saa sita kasoro dakika nane aliileta. Lindequist aliisoma akiwa na kalamu mkononi. Aya yake ya mapepo haikuwemo; ilibaki sentensi moja, kwamba wako walioeleza hivyo baadaye. Aliitazama sentensi hiyo kwa muda, akaweka saini ya mkuu wa kamusi chini ya ukurasa.

Barua ya kumfukuza ilikuwa pembeni, haijatiwa saini. Gesine aliikunja akaitia kwenye jalada lake. "Hii naichukua. Ni kielelezo."

Honi ya pikipiki ililia uani. Mareike alishuka ngazi mbili mbili. Gesine aliwatazama kutoka dirishani: tarishi wa mpiga chapa, kofia ngumu kichwani, anapokea kurasa, anazihesabu kwa kidole, anasimama kwenye moja.

"Hapa mwisho pana herufi mpya," tarishi alisema. "Siku zote huwa E.L. Hii M.D. ni nani? Mtamboni wataniuliza."

"Ni mimi," alisema Mareike. "Waambie ni mimi."